Tarakimu Nne Ubavuni

Tabata, Dar es Salaam
12 Januari 2025

Kwako Mjomba Sufiani,

Shikamoo. Assalaam alaykum wewe, mkaza mjomba Rukaiya na wote wa hapo dukani Kibiti. Mie mzima, kazi yangu ya kutengeneza simu Kariakoo inakwenda, siku ina siku. Mama alipiga juzi kutoka Mbuchi. Anasema mpunga umeota vizuri lakini nguruwe pori wameijua njia, na mdogo wangu Abubakary anashinda shambani kuwafukuza. Mama mwenyewe kichwa kinamuuma na zahanati haendi, kwa sababu akikaa kwenye benchi watu wa Mzee Mwinyimvua wanahama. Unajua habari hiyo, sina haja ya kuirefusha.

Nimerudia karatasi kwa kuwa simu husikii tena, kompresa imekumaliza masikio, na meseji ukitumiwa unampa mteja yeyote akusomee. Barua hii nampa Sadallah, konda wa basi la Ikwiriri, akuletee mkononi.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nimenunua gari, Mjomba. Altezza nyekundu, gia za kukanyaga klachi, mashine inaitika ukiigusa tu. Najua utaguna. Najua pia watakavyosema Mbuchi, kwamba mtoto wa Gharibu karithi mwendo wa baba yake. Wananiambia hivyo tangu nina miaka kumi na saba, nikaona basi niwape cha kusemea.

Matairi yaliyokuja nalo yana kipara. Rimu ni kumi na saba, saizi 215/45. Kila duka hapa lina dini yake: huyu anataka niweke laini yanayoshika lami, yule anasema magumu yanadumu, na wa tatu ana ya mtumba kutoka Japani na anaapa kwa mama yake. Fundi wa matairi wa ukoo ni wewe. Nichague nini?

Mpwa wako,
Mudathiri

Kibiti
2 Februari 2025

Kwa mpwa wangu Mudathiri,

Waalaykum salaam, marahaba. Sisi tupo, tunasukuma siku. Mkaza mjomba wako miguu inamjaa. Wamempa dawa za sukari wakamkataza wali, nawe jaribu kumkataza mtu wa Rufiji wali uone anavyokutazama. Vumbi jingi, wateja haba, malori ya ufuta bado.

Altezza. Haya. Wenzio wa rika lako wananunua bodaboda wanaoa, weye unanunua gari la kukimbizana na sijui nani. Sikugombezi, umeuliza nakujibu.

Muuzaji anayeanza kwa kukuuliza una kiasi gani, mwache. Kaa na yule anayekuuliza unapita wapi. Weye unapita Tabata mpaka Kariakoo kwenye foleni, na mara mbili tatu kwa mwaka barabara ya Kilwa kuja huku. Tairi laini kabisa, yale ya watu wa mashindano, yanang'ang'ania lami ya moto kama kupe, ila mitaro ya kutolea maji hayana. Mvua ya Mkuranga ikikukuta nayo utasoma shahada. Tena yanaisha kabla mwaka haujageuka. Ubavuni pana namba ya kulika: mia mbili ni laini, mia tano ni gumu kama ndala za chooni. Tafuta la mia tatu hivi, lenye mitaro minne mipana inayozunguka tairi zima. Mwisho wa saizi pana herufi ya mwendo. Kwa gari hilo usikubali chini ya V, na W ni bora zaidi.

Ubavu wa 45 ni mwembamba, shimo moja tu linakukunjia rimu, kwa hiyo upepo upime asubuhi tairi likiwa baridi, wala usimwachie mtu wa sheli akujazie kwa macho. Yote manne yawe ya aina moja. Atakayekwambia funga mawili mapya na mengine yaendelee, mkimbie. La mtumba usinunue, hata wakikwambia limeshuka melini jana. Usiniulize kwa nini. Usinunue tu.

Umegusia habari ya baba yako. Gharibu alikuwa shemeji mwema lakini alikuwa mtu wa kuharakisha, na yaliyotokea yakatokea. Radhi tuliomba siku ile ile mbele za watu. Yamekwisha, usiyafukue.

Mjomba wako,
Sufiani

Tabata
6 Aprili 2025

Kwako Mjomba,

Shikamoo, na Idd Mubarak iliyochelewa. Mkaza mjomba aendelee kuvumilia, mwambie na ugali wa dona ni chakula. Mimi Idd nimekula Mbuchi. Mama alipika pilau la bata, likabaki nusu sufuria kwa kuwa waliokuja ni wawili.

Matairi nimenunua kama ulivyonielekeza: mitaro minne, W, namba ya kulika mia tatu. Gari limetulia mpaka raha, na kwenye maji halihangaiki. Kwa hilo nakushukuru kwa dhati.

Lakini pana kitu kimenikereketa. Fundi wa Ilala, kijana tu wa juzi, kabla hajalifunga tairi la kwanza alilipindua akanionyesha duara dogo ubavuni lenye tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Akasema, "Kaka, anza hapa kabla ya yote. Tairi linazeeka hata kama halijakanyaga lami. Likipita miaka sita mpira unakauka, na siku ya jua kali linapasuka bila salamu, kashata zote za kukanyagia lami bado zimesimama." Nikastaajabu. Mjomba wangu ana miaka thelathini kwenye kazi hii, amenifundisha herufi na mitaro na upepo wa asubuhi, lile la kwanza hakulitaja.

Nikaenda nalo Mbuchi kichwani. Siku ya Idd pili Mama alikuwa uani anapepeta mchele, amekalia tairi lake kama kawaida. Unalijua. Noah ya Baba ilipouzwa chuma chakavu, matairi matatu yalikuwa bado mazima. Mawili ukayachukua wewe, la tatu Mama akalikatalia. Nikamwomba asimame kidogo. Akaniuliza nimepoteza nini. Nikalipindua, nikalifuta matope kwa ukingo wa kanzu.

1104. Wiki ya kumi na moja, mwaka elfu mbili na nne. Baba alikufa mwezi wa pili mwaka elfu mbili na kumi na sita, na seti nzima ulimfungia wewe wiki tatu kabla. Alirudi nyumbani akitusifia kashata, akatuita tuzitie vidole.

Mama sijamwambia. Nimekuuliza wewe.

Mudathiri

Kibiti
25 Mei 2025

Kwa Mudathiri,

Salaam. Kuchelewa kujibu ni kwa sababu ya mvua, barabara ya Ikwiriri ilikatika, Sadallah hakupita siku nyingi. Mkaza mjomba wako alilazwa siku tatu, sasa karudi. Wateja wamezidi kidogo.

Nimesoma barua yako. Tairi lile limekaa juani na mvuani miaka tisa, matako ya mama yako juu yake, nani atasoma kitu hapo? Kumi na moja inaweza kuwa kumi na saba. Sifuri nne inaweza kuwa kumi na nne. Na Noah ya baba yako ilibadilishwa tairi mara nyingi barabarani, mie si fundi pekee wa mkoa huu. Vijana wa Ilala wanasoma namba kwa sababu kazi hawaijui.

Nimempa Sadallah matairi manne ya Altezza yako, mapya ya mwaka huu, bora kuliko hayo uliyonunua. Ni zawadi yangu, usiulize chochote. Yafunge, na hayo mengine uyauze.

Mjomba wako

Tabata
8 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mkaza mjomba apate nafuu, hilo naliomba kwa moyo safi.

Matairi yako yanarudi na Sadallah huyo huyo. Nimeyatazama kabla ya kuyarudisha. Ni mapya kweli. Kumbe ukitaka unajua kuchagua.

Wakati wa maziko nilikuwa na miaka kumi na saba, lakini nilikuwepo. Baba alikuwa anampeleka hospitali Kibiti Muzdalifa, binti wa Mzee Mwinyimvua, uchungu umemshika. Walikuwa wameshaingia kwenye lami. Alikufa Baba, akafa Muzdalifa na mtoto aliyekuwa tumboni. Bi Fatu, aliyekuwa amempakata Muzdalifa kiti cha nyuma, alisema tangu siku ya kwanza: mlio ulianza, gari likayumba baadaye. Mkamwambia kachanganyikiwa, mwacheni apumzike.

Kisha kabla ya kulifukia kaburi ukasimama wewe kwa niaba ya ukoo, kama inavyosimama kila familia, umwombee marehemu radhi. Wengine huomba radhi kwa neno baya, kwa deni, kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Wewe ulisema, na mpaka leo naisikia sauti yako: "Enyi watu wa Mzee Mwinyimvua, shemeji yangu mwendo ulimzidi. Msameheni." Nani aliyekutuma useme hivyo? Hakuna aliyekuwa amesema mwendo mpaka wewe uliposema. Ulipofunga mdomo tu, ikawa kweli.

Miaka tisa, Mjomba. Mama yangu haalikwi kuvuna kwa mtu. Akifiwa jirani anapika, anapeleka, chungu kinarudi na chakula chake. Na mimi nimekua nikijua damu yangu ni ya mtu aliyeua mzazi na mtoto kwa sababu ya kukanyaga mafuta. Gari hili jekundu nimelinunua kwa hasira hiyo, sikuwa na haja nalo.

Tarakimu nimezipiga picha, nikamwonyesha fundi wa pili na wa tatu. Ni 1104. Basi nakuuliza neno moja, usinipe mvua wala Ikwiriri: siku unamfungia Baba, ulizisoma?

Mudathiri Gharibu

Kibiti
3 Agosti 2025

Mwanangu Mudathiri,

Salaam nakupa, ukiitaka. Rukaiya anatembea kwa fimbo. Ndiye aliyeniambia niandike. Aliniona naandika nachana, naandika nachana, akasema mwandikie mtoto wa watu.

Nilizisoma.

Fundi anazisoma bila kujua kuwa anazisoma, kama weye unavyotazama kioo cha simu ukajua kimepasuka. Matairi yale yalikaa kwenye stoo ya mtu Ikwiriri miaka kumi na mbili, chini ya bati. Hayajawahi kugusa lami. Kashata kamili, hata vinyweleo vya kiwandani vilikuwepo. Mwenyewe alifunga biashara nikayachukua yote. Nikayapaka dawa ya kung'arisha, yakawa meusi yanapendeza. Nilishauza mengine mawili matatu, kimya, hakuna aliyerudi. Akaja baba yako anataka seti. Nikamwambia haya ni mapya. Hakukagua. Nani anamkagua shemeji yake?

Sasa sikiliza hili, kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi, mengine nimeshayazoea. Nilimfungia yeye kwa kuwa nilijua hakimbii. Nilijisemea moyoni, Gharibu huendesha kama amebeba mayai, kwake yatadumu. Mtu wa mwendo nisingempa. Halafu nikasimama juu ya kaburi lake nikasema mwendo ulimzidi.

Unauliza nani alinituma. Hakuna. Nyuma yangu mtu mmoja alimnong'oneza mwenziwe, na masikio yangu wakati huo yalikuwa mazima: "Na matairi yalikuwa mapya, kafunga juzi kwa Sufiani." Mzee Mwinyimvua akainua uso akanitazama. Labda hakuwa na maana yoyote. Mdomo ukanitangulia, na baada ya hapo sikupata pa kuurudisha. Ningesema nini, na lini? Kila mwaka uliopita ulizidi kuufunga.

Nakuomba jambo moja tu. Nimezeeka na moyo una matatizo. Mama yako Habiba ndiye ndugu yangu, sina mwingine, tulizaliwa wawili, mama yetu alituacha yeye ana miaka minne nikambeba mgongoni mie. Ngoja nife ndipo umwambie. Nakuomba, Mudathiri.

Sufiani

Tabata
15 Agosti 2025

Mjomba,

Shikamoo. Salamu kwa mkaza mjomba, na mwambie nimejua kuwa ndiye aliyekuandikisha.

Nimeisoma mara nyingi. Nililia, sitakuficha, na si kwa ajili yako. Nililia pale uliposema Baba aliendesha kama amebeba mayai. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo.

Ombi lako nalikataa. Ukifa nikasema mimi, watu wataona namsingizia maiti ili nimsafishe baba yangu. Wewe ndiye uliyesema mbele za watu, wewe ndiye utakayesema tena mbele za watu wale wale, Mbuchi, baada ya sala ya Ijumaa, Mzee Mwinyimvua akiwa hai na Bi Fatu akiwa hai. Mama kwanza, kisha msikitini. Kama ni moyo, moyo wa Mama nao ni nyama.

Sitakutisha kwa polisi wala kwa mtu yeyote. Barua zako ninazo. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi wa tisa, ukipita nitazisoma mwenyewe pale pale, herufi kwa herufi.

Mudathiri Gharibu

Kibiti
14 Septemba 2025

Mudathiri,

Salaam alaykum. Rukaiya hajambo. Duka nimelifunga wiki hii.

Nilikwenda. Alhamisi nilifika kwa mama yako. Alifurahi, mwanangu, alifurahi kuniona mpaka nikatamani kugeuza. Akanichinjia kuku. Nilikula kwanza, ndiyo, mie ni mtu wa namna hiyo, nilikula kuku wake kwanza ndipo nikasema. Nilisema yote bila kumtazama. Alikuwa amekalia lile tairi. Nilipomaliza alinyanyuka akaingia ndani, hakutoka tena. Nililala barazani kwa Abubakary.

Ijumaa nilisimama msikitini baada ya sala. Nilisema kwa sauti kubwa nisije nikaulizwa nirudie. Nilisema Gharibu alikwenda taratibu, tairi lilikuwa bovu, nilijua, niliuza. Nilimwomba Bi Fatu msamaha kupitia kwa kaka yake aliyekuwepo. Unajua masikio yangu. Niliona midomo inakwenda, watu wanasimama, mmoja ananinyooshea kidole, na mie sisikii hata neno. Hiyo nayo ni adhabu, kutukanwa usijue umeitwa nini. Mzee Mwinyimvua alinyanyuka. Alichukua bakora yake akatoka, akapita moja kwa moja mpaka kwa mama yako, na watu nyuma yake. Nilifuata kwa mbali. Nilimwona amesimama mlangoni ameinamisha kichwa, ameweka mkono kifuani, na Habiba anamkaribisha mkeka.

Mie nilikuja kuaga. Mama yako alitoka mpaka ukumbini. Alinitazama akasema maneno, si mengi. Sikuyasikia. Nilimwomba Abubakary arudie sikioni mwangu, akakataa, akatazama chini. Nilimwomba tena. Akanishika mkono akanipeleka kwenye pikipiki.

Nimefanya ulilotaka. Sasa nakuomba unifanyie moja: niandikie alichosema dada yangu. Hata kama ni laana, nataka kuijua.

Mjomba wako,
Sufiani

Tabata
28 Septemba 2025

Mjomba Sufiani,

Shikamoo. Mkaza mjomba azingatie dawa.

Nimekwenda Mbuchi na Altezza, nimerudi juzi. Mama hajambo. Siku zote tatu ua haukukauka watu, waliokuja kutaka radhi, na waliokuja kula tu. Watu wa Mzee Mwinyimvua wamemwita kuvuna kwao na ameitika. Dua ya Baba itasomwa upya, wamesema wenyewe. Hilo umelifanya wewe na sitalificha.

Nilimwuliza Abubakary alichosema Mama siku ile. Akaniambia kamwulize mwenyewe, mie siwezi kumpelekea mtu maneno yale. Nikamwuliza Mama. Alikuwa anachambua mchele, wala hakusita:

"Nilimwambia hivi. Siku yangu ikifika, kaka asishuke kaburini kunipokea. Mtashuka nyie wawili, wewe na Abubakary. Hata mkizidiwa na uzito, shukeni hivyo hivyo."

Nikamwambia, Mama, mwanamke hupokewa kaburini na maharimu zake, wanaume wa damu yake, na huyo ndiye ndugu yako peke yake uliyechangia naye ziwa. Akasema analijua hilo vizuri kuliko mimi. Nikamwuliza kama nikuandikie. Akafikiri kidogo, akasema, "Andika, maana nilisema hakusikia."

Nimeandika.

Mudathiri Gharibu